Kupata Leseni ya Ukaguzi wa Nyumba na Kufikia Viwango vya Umahiri: Mwongozo kwa Anayeanza

Mkaguzi wa nyumba hufanya kazi ya saa chache ambayo mnunuzi ataitegemea kwa miaka mingi. Mnunuzi huyo kwa kawaida yuko karibu kutoa fedha nyingi kuliko alizowahi kutoa maishani, amepewa siku chache za kuamua, na hana namna ya kujua kama ufa alioukuta kwenye ukuta wa msingi umetokana na zege kukauka tu au na udongo unaousukuma ukuta kwa ndani. Ndiyo maana majimbo mengi ya Marekani na baadhi ya majimbo ya Kanada hayamruhusu mtu kuifanya kazi hii bila leseni. Mwongozo huu unaeleza njia ya kuipata leseni hiyo, lakini ninataka kusisitiza mapema jambo ambalo waombaji wengi huligundua wakiwa wamechelewa: leseni huthibitisha kwamba umetimiza masharti ya chini kabisa, ilhali umahiri hupimwa kwa unachokiona ndani ya nyumba na kwa namna unavyokiandika. Aliyejiandaa kwa ajili ya mtihani peke yake huweza kuufaulu vizuri, kisha akababaika kwenye nyumba ya kwanza anayoikagua bila msimamizi.

Hatua ya kwanza: Soma sheria ya mahali utakapofanyia kazi

Marekani haina leseni moja ya taifa zima kwa wakaguzi wa nyumba. Kila jimbo lina utaratibu wake, na tofauti zake ni kubwa kuliko mtu anavyodhani. New Jersey inadai saa 180 za mafunzo, ambazo 40 kati yake ni za vitendo kwenye nyumba zenyewe. New York inadai saa 140, nazo pia zikiwa na saa 40 za vitendo mbele ya mkaguzi mwenye leseni, au badala yake mwombaji awe ameshiriki kaguzi 100 chini ya usimamizi wa moja kwa moja. Florida inadai saa 120. Texas, ambayo ni miongoni mwa majimbo ya mwanzo kabisa kuwasimamia wakaguzi, ina ngazi tatu za leseni, kuanzia mwanagenzi hadi mkaguzi mtaalamu, na tume inayosimamia biashara ya nyumba huko imeweka fomu maalumu ambayo mkaguzi anapaswa kuitumia katika kuandika ripoti ya nyumba ya kuishi. California, kwa upande mwingine, haitoi leseni hii kabisa, ingawa sheria yake inamkataza mkaguzi kufanya kwa malipo matengenezo ya jengo aliloliandikia ripoti ndani ya miezi 12 iliyopita.

Nchini Kanada, British Columbia ndiyo iliyotangulia, mwaka 2009, ikafuatiwa na Alberta mwaka 2011. Ontario inatukumbusha kwamba kupitishwa kwa sheria na kuanza kutumika kwake ni mambo mawili: sheria ya kuwasimamia wakaguzi ilipitishwa huko mwaka 2017, na miaka ikapita bila kuanza kutumika. Kwa hiyo usitosheke na kusikia kwamba sheria ipo. Angalia kama vifungu vyake vimeanza kutumika, na kama kanuni zilizotungwa chini yake zimebadilishwa tangu hapo.

Unapoisoma sheria, isome yenyewe, wala usitegemee muhtasari uliochapishwa na chuo kinachokuuzia mafunzo. Tafuta majibu ya maswali haya na uyaandike kwenye daftari: nani anahesabiwa kuwa mkaguzi wa nyumba, na nani amesamehewa (katika New York, kwa mfano, wahandisi na wasanifu majengo wenye leseni zao wamesamehewa), mafunzo yanatambuliwa kutoka vyuo vipi, kaguzi ngapi zinapaswa kufanyika chini ya usimamizi, na msimamizi mwenyewe anapaswa kuwa na sifa gani, mtihani upi unakubaliwa, bima ya kiasi gani inatakiwa, na mambo yapi mkaguzi amekatazwa kuyafanya. Swali la sifa za msimamizi ndilo linalosahaulika zaidi, na wapo waliofanya kaguzi nyingi pamoja na mtu ambaye saini yake haikukubaliwa.

Hatua ya pili: Vifahamu viwango vya utendaji kabla ya kufungua kitabu cha ujenzi

Kuna aina mbili za viwango, na watu huzichanganya. Viwango vya utendaji hueleza ukaguzi wenyewe unapaswa kuhusisha nini: sehemu zipi zitazamwe, zipi zijaribiwe, na nini kiandikwe. Viwango vya umahiri humhusu mtu: anapaswa kujua nini na kuweza kufanya nini kabla ya kuaminiwa. Viwango vya utendaji vya ASHI, chama cha wakaguzi wa nyumba kilichoanzishwa Marekani mwaka 1976, vimekuwa msingi wa sheria za majimbo mengi, na Kanada ina kiwango chake cha kitaifa cha ukaguzi wa nyumba, CSA A770, kilichotolewa mwaka 2016.

Ninapendekeza uanze na viwango vya utendaji kwa sababu vinakupa mipaka. Mkaguzi hutazama sehemu zinazofikika bila kubomoa wala kuhamisha samani nzito. Huendesha mitambo kwa kutumia vidhibiti vya kawaida ambavyo mwenye nyumba angevitumia. Hueleza kilichopo, hutaja kisichofanya kazi ipasavyo na kilicho hatarini, hueleza maana yake, na hushauri hatua ifuatayo. Halazimiki kukadiria thamani ya nyumba, kuthibitisha kwamba nyumba inatii kanuni zote za ujenzi, wala kutabiri paa litadumu miaka mingapi. Hata hivyo, kuna wajibu mmoja ambao hauna msamaha: jambo ambalo kwa kawaida hukaguliwa lakini siku hiyo halikukaguliwa ni lazima litajwe, pamoja na sababu yake. Ikiwa uvungu wa nyumba ulijaa maji na hukuweza kuingia, mnunuzi anapaswa kuambiwa kwa maandishi kwamba hakuna aliyeiona mihimili ya sakafu.

Hatua ya tatu: Chagua mafunzo yanayoifundisha nyumba nzima

Mtaala wa kawaida huwa na mada za muundo wa jengo, nje ya nyumba, paa, mabomba, umeme, mifumo ya joto na ya kupoza hewa, ndani ya nyumba, insulesheni (vifaa vya kuzuia joto lisipite) na upitishaji wa hewa. Karibu kila chuo kitakuonyesha orodha hiyo. Kinachotofautisha mafunzo mazuri na mabaya ni kama yanakufundisha jinsi mambo hayo yanavyohusiana, hasa kwa kuyafuata maji. Mfereji wa paa ulioziba humwaga maji karibu na ukuta. Udongo unaoteremkia kwenye nyumba badala ya kuteremka kutoka kwayo huyaelekeza kwenye msingi. Ukuta wa chumba cha chini ya ardhi huota unga mweupe wa chumvi. Ncha ya boriti iliyokaa ndani ya ukuta huo huanza kuoza. Na sakafu ya sebuleni hulegea. Mwanafunzi aliyefundishwa mada moja moja ataandika kasoro tano zisizohusiana. Aliyefundishwa vizuri ataandika chanzo kimoja na matokeo yake manne, na mnunuzi ataelewa kwamba kuitengeneza sakafu bila kushughulikia mfereji ni kupoteza fedha.

Mafunzo yakupe pia historia ya vifaa, kwa sababu umri wa nyumba humwambia mkaguzi atafute nini kabla hajavuka kizingiti. Nyumba nyingi za Marekani zilizojengwa kati ya mwaka 1965 na 1973 zilitandazwa nyaya za alumini kwenda kwenye soketi na taa, nazo hulegea kwenye maungio na kupata moto. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku katika nyumba za kuishi nchini humo mwaka 1978. Mabomba ya polibutilini, ambayo ni aina ya plastiki, yalitumika sana tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1990, na hupasuka bila dalili za kutosha. Haya si mambo ya kukariri kwa ajili ya mtihani tu.

Hatua ya nne: Fanya kaguzi chini ya usimamizi, na zihesabu kuwa ndiyo masomo yenyewe

Hapa ndipo umahiri unapozaliwa, na ni hapa ambapo sheria nyingi, kwa maoni yangu, zinadai kidogo mno. Mkaguzi anayeanza hahitaji kuona nyumba mpya nyingi. Anahitaji kuziona nyumba mbovu pamoja na mtu anayejua atazame wapi.

Chukua mfano wa hita ya maji ya tangi iliyosimama kwenye kona ya chumba cha chini. Anayeanza hufungua bomba la maji ya moto, husoma mwaka wa kutengenezwa kwenye kibandiko, hupiga picha na kwenda zake. Msimamizi mzoefu hupiga magoti. Anaitafuta vali ya usalama juu au ubavuni mwa tangi, ambayo kwa kawaida hufunguka joto la maji linapofika nyuzi 99 za Selsiasi au shinikizo linapofika pauni 150 kwa inchi ya mraba, kisha anaufuata kwa mkono mrija unaotoka kwenye vali hiyo mpaka unapoishia. Mrija huo ulipaswa kuteremka hadi karibu na sakafu, mdomo wake ukiwa wazi. Huu umekazwa kizibo cha shaba. Vali ilikuwa ikidondosha matone, na mtu fulani aliyetaka sakafu ikauke aliona dawa ni kuuziba mrija. Sasa tangi likipata joto kupita kiasi halina pa kupumulia, na tangi la namna hiyo linaweza kulipuka kwa nguvu ya kubomoa sakafu iliyo juu yake. Familia nzima hulala juu ya kizibo hicho kidogo.

Msimamizi mwema hatakuacha hapo. Atakuuliza kwa nini vali ilikuwa ikidondosha, na utalazimika kufikiri: huenda shinikizo la maji yanayoingia nyumbani ni kubwa mno, huenda mfumo umefungwa na hauna kitangi cha kupokea maji yanayotanuka yanapopata joto, au huenda vali imechoka tu. Kuuliza swali la pili namna hiyo ni ustadi ambao hakuna mtihani wa kuchagua jibu unaoupima sawasawa.

Kabla ya kuanza, kubalianeni na msimamizi wako jinsi mtakavyofanya kazi. Kaguzi za mwanzo uzishuhudie tu, ukibeba tochi na kuuliza. Zinazofuata kagua sehemu moja wewe mwenyewe, kisha msimamizi aipitie nyuma yako na kukuonyesha ulichokiruka. Mwishoni kagua nyumba yote na uandike ripoti yote, naye aisome pamoja nawe aya kwa aya. Weka kumbukumbu ya kila ukaguzi: tarehe, aina ya nyumba, umri wake, sehemu ulizokagua, ulichokikosa, na saini ya msimamizi. Kumbukumbu hiyo utaitumia mara mbili, kwenye maombi ya leseni na kwenye kujipima mwenyewe. Ukigundua kwamba umeruka jambo la umeme katika nyumba nne kati ya sita, umeshajua usome nini wiki hiyo.

Usalama wako ni sehemu ya umahiri huo. Usipande paa lenye maji au lenye mwinuko mkali, usifungue boksi la umeme lenye kutu au lililolowa maji, na usiingie uvunguni peke yako pasipo mtu anayejua kwamba umo humo. Viwango vinakuruhusu kukataa, mradi uandike kwamba umekataa na kwa nini.

Hatua ya tano: Jifunze kuandika ripoti inayosomeka

Malalamiko dhidi ya mkaguzi huamuliwa kwa ripoti yake, kwa maana ndiyo inayobaki baada ya mazungumzo ya mlangoni kusahaulika. Kila kasoro inahitaji mambo manne: ni nini, iko wapi, ina madhara gani, na nani afanye nini na kwa haraka gani. Linganisha maandishi mawili kuhusu hita ile ile. La kwanza: “Hita ya maji ina kasoro, inashauriwa ichunguzwe na mtaalamu.” La pili: “Mrija wa vali ya usalama ya hita iliyo kona ya kaskazini ya chumba cha chini umezibwa kwa kizibo cha shaba. Vali haiwezi kutoa shinikizo, na tangi linaweza kulipuka na kujeruhi watu. Hita izimwe mpaka fundi bomba mwenye leseni atakapouzibua mrija, kubadilisha vali na kutafuta chanzo cha kuvuja kwake.” Andiko la kwanza ni la kweli, lakini halimlindi mtu yeyote. Mnunuzi atalisoma, atalipa gharama ya nyumba, na atahamia.

Jihadhari na ripoti zinazojazwa na programu za kompyuta kwa sentensi zilizotayarishwa tangu zamani. Ni msaada mkubwa kwa mambo ya kawaida, lakini kurasa 60 za tahadhari za jumla huificha kasoro moja ya hatari kama sindano kwenye majani. Weka mambo ya usalama mwanzoni, yatenge na matengenezo ya kawaida, na ambatanisha picha yenye mshale unaoonyesha kitu chenyewe.

Hatua ya sita: Fanya mtihani

Majimbo mengi ya Marekani yanaukubali mtihani wa kitaifa wa wakaguzi wa nyumba unaojulikana kwa kifupi NHIE. Una maswali 200 ya kuchagua jibu, yanayofanywa kwa saa nne, na 25 kati yake ni ya majaribio yasiyohesabiwa, ingawa mtahiniwa hajui ni yapi. Alama hutolewa kwa kipimo cha 200 hadi 800, na anayefikia 500 amefaulu. Sehemu kubwa ya maswali huhusu ukaguzi wa jengo lenyewe. Yaliyobaki huhusu uchambuzi wa matokeo na uandishi wa ripoti, pamoja na wajibu wa kitaaluma. Hii ya mwisho hudharauliwa na waombaji waliotoka kwenye ufundi, nao hupoteza alama walizoweza kuzipata kirahisi. Baadhi ya majimbo huongeza mtihani wa sheria za jimbo lenyewe.

Ukifuata mpangilio niliouweka hapa, mtihani utakuja baada ya kaguzi kadhaa, na maswali yatakukumbusha vitu ulivyovigusa kwa mkono. Kama sheria ya kwenu inadai mtihani utangulie, omba angalau kufuatana na mkaguzi kwenye nyumba chache kabla ya tarehe yake.

Hatua ya saba: Kamilisha bima, mkataba na maombi

Kuna bima mbili zinazotajwa kwenye sheria. Bima ya dhima ya jumla hulipia madhara ya papo hapo, kama ngazi yako kuvunja dirisha au kumwangukia mtu. Florida, kwa mfano, inadai isipungue dola 300,000. Bima ya makosa ya kitaaluma hulipia ulichokosa kukiona au ulichokieleza vibaya, na hii ndiyo inayomlinda mnunuzi hasa. Soma misamaha yake kwa makini, kwa kuwa baadhi ya bima hazigusi ukungu, mchwa wala radoni, yaani gesi ya mionzi inayotoka ardhini.

Mkataba usainiwe kabla ya ukaguzi kuanza, mnunuzi akiwa amepewa muda wa kuusoma. Uonyeshe viwango utakavyofuata, kitakachokaguliwa, kisichokaguliwa na ada. Kuwa mwangalifu na kifungu cha kupunguza dhima hadi kiasi cha ada tu: kuna maeneo, Alberta ikiwemo, ambako kifungu hicho hakiruhusiwi. Binafsi ninaona kwamba mkaguzi anayetaka kurudisha ada tu pale anapokosea jambo lililomgharimu mteja sehemu ya nyumba yake hajaelewa alichokiomba alipoomba leseni.

Maombi yenyewe ni karatasi: vyeti vya mafunzo, kumbukumbu za kaguzi, matokeo ya mtihani, uthibitisho wa bima, uchunguzi wa rekodi za jinai panapotakiwa, na ada. Majina yafanane kwenye nyaraka zote. Alberta hudai leseni mbili, ya mkaguzi mwenyewe na ya biashara yake, kwa hiyo usianze kupokea wateja ukiwa na moja tu.

Hatua ya nane: Linda uhuru wako tangu mteja wa kwanza

Wateja wengi huletwa na mawakala wa nyumba, na wakala hulipwa biashara ikifanyika. Wengi wao ni waungwana, lakini mkaguzi mpya asiye na wateja huhisi shinikizo hata pasipo kuambiwa neno. Weka kanuni zako mapema: usilipe wala kupokea malipo kwa ajili ya kuletewa mteja, usifanye matengenezo ya kasoro ulizoziripoti wewe mwenyewe, usimpe mtu mwingine ripoti bila idhini ya aliyekulipa, na usikubali ombi la kulainisha maneno. Ukiombwa ubadilishe sentensi, uliza kama kuna kosa la ukweli. Kama lipo, lirekebishe na uandike tarehe ya marekebisho. Kama halipo, sentensi ibaki.

Hatua ya tisa: Huisha leseni na uendelee kujipima

Leseni nyingi huisha muda wake baada ya mwaka mmoja au miwili, na kuhuishwa kwake hutegemea elimu endelevu: New York hudai saa 24 kila miaka miwili, Florida saa 14. Zichague saa hizo kwa kufuata kumbukumbu zako, wala si kwa urahisi wa kozi. Vyama vya kitaaluma huweka ngazi za juu zaidi ya leseni. Cheti cha juu cha ASHI, kwa mfano, humdai mkaguzi awe ameshafanya kaguzi 250 za kulipwa. Mara moja kwa mwaka, mwombe mkaguzi mwenzako aikague nyumba uliyoikagua asubuhi hiyo hiyo, kabla hajaona ripoti yako, kisha mlinganishe ripoti hizo mbili. Hifadhi ripoti, picha na mikataba kwa muda wote ambao sheria ya jimbo lako inamruhusu mteja kufungua madai, na mteja akipiga simu kulalamika, rudi kwenye nyumba hiyo mwenyewe ukiwa na ripoti mkononi kabla ya kumjibu kwa maandishi.